Wanataka Niwaondoe Watoto wa Namtumbo

Dada Salome,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitika, ila nimeshindwa kuanza bila salamu.

Tangu tukuzike, utafiti wetu wa unga wa lishe nimeachiwa mimi. Jumatatu nawasilisha matokeo hapa Songea. Bosi ameniagiza niwaondoe kwenye hesabu watoto wote ambao hawakunywa uji kama tulivyoelekeza, pamoja na wale ambao hawakuletwa kupimwa mwishoni. Anasema wanatuchafulia kazi. Wakiondoka, unga utaonekana umefanya maajabu. Wakibaki, utaonekana umesaidia kidogo tu, na huenda mradi ukafungwa, na mimi nikabaki nyumbani Msamala bila kazi.

Unamkumbuka yule mama wa Namtumbo uliyemuuliza kwa nini unga wa mwanawe umeisha mapema? Alikushangaa. "Sasa dada, nimpe huyu uji, hawa wa shemeji waniangalie tu?" Na hao wa shemeji kura yetu ya kugawa makundi ilikuwa imewapanga kwenye kundi la unga wa kawaida, la kulinganishia. Mimi nilitaka kulia. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, halafu njiani ukaniambia, "Mtoto abaki kwenye kundi alilopangiwa. Unga huu ukigawiwa kweli vijijini, watu watagawana hivi hivi."

Hilo naweza kulieleza. Wanaonitisha ni wale ambao hawakuja. Bosi anadai wamefuata tu wazazi kwenye mashamba ya tumbaku, hawana tofauti na wenzao. Nilitamani kumwamini, maana ingekuwa rahisi. Wiki iliyopita nikapanda bodaboda na mizani mgongoni, nikamfuata mmoja kwenye kibanda cha shambani, mbele ya kijiji cha Hanga.

Amekonda, Dada. Amekonda mpaka niliogopa kumbeba. Mama yake hakuniangalia usoni. "Niliona aibu kumleta," alisema. "Mngesema unga wenu nimekula mimi." Tulimpeleka zahanati siku ile ile, na sasa anaanza kula. Lakini wangapi wengine wamefichwa hivyo? Nikiwafuta, nitakuwa nawafuta wale wale tuliotakiwa kuwaona. Na siwezi kuwabunia uzito.

Kwa hiyo nimeandaa majibu ya aina mbili: yatakavyokuwa kama waliokosekana wana afya, na yatakavyokuwa kama wamekonda. Yale ya pili hayapendezi. Nimeyarudia mara nyingi nikiomba yabadilike. Ungekuwepo, ungeyasema wewe, mimi ningekaa nyuma nikikushikia karatasi. Nimekukosa vibaya mno.

Pumzika, Dada yangu. Nakuahidi Jumatatu watoto wote watakuwemo, kila mmoja kwenye kundi lake, na nisichokijua nitasema sikijui. Wakiuliza nani ameamua hivi, sitakutaja. Nitasema ni mimi.

Mdogo wako,
Neema