Tumerudi kwenye Kitabu Kikuukuu, Ami

Ami yangu mpendwa, mwenye ulimi mkali kuliko wembe wa kinyozi,

Salamu zako huzituma kwa dua kila Ijumaa, ingawa ulizoea kusema dua zangu zina makosa ya matamshi. Leo nakuandikia kukupa habari: tumerudi kwenye kitabu kikuukuu. Furahi, kisha ninyamazie, maana nina mengi.

Unakumbuka kilivyokuja. Mgeni niliyemchukua uwanja wa ndege wa Manda alikisahau ndani ya boti yangu, nami, nahodha mwenye darasa sita na lugha tano za kutongozea, nikakuletea wewe karani mstaafu wa forodha unisomee. Ulikaa nacho wiki mbili. Kisha ukatuita kwenye daka lako Mkomani, barazani mlangoni pako, mimi, Fumo mshona kanzu na Shee wa halua, ukatueleza kuwa ni kitabu cha mchezo: kila mtu atakuwa shujaa, nguvu zake zimeandikwa kwenye karatasi, wewe utasimulia mapango na majini, na bahati ndiyo itakayoamua nani atoke mzima. Kitabu kilitaka dadu. Ukasema dadu haikanyagi daka la baba yako. Ukatafuta komwe ishirini za kuchezea bao, ukaziandika namba kwa wino, ukazitia kwenye kofia yako ya vito. Mtu achote. Akichota ndogo, amekwisha.

Na aliyekufa, kwa sheria uliyoitunga mwenyewe, huondoka mkekani akaoshe vikombe vya kahawa vya walio hai.

Uliniua mara saba. Mimi niliyefika Bombay na kurudi na meno yote, nikauawa na nge, na shimo, na mara moja na mlango. "Masultani wako wanakufa kama kuku wa kideri," ulisema, maana mashujaa wangu wote niliwaita Sultani. Nikikuomba nafasi ya pili, ulinionyesha kofia. "Komwe haina mjomba. Ndia ya jikoni waijua." Niliosha vikombe nikikutukana kimoyomoyo, na Ijumaa ya pili ndimi niliyekuwa wa kwanza kufika.

Kisha nikaenda Dubai miaka miwili kulinda mlango wa duka la simu, nikarudi na toleo jipya: picha za rangi, dadu zinazong'aa kama peremende, na ubao wa kusimamisha ili msimulizi afiche anachokitupa. Humo shujaa akianguka ana nafasi tatu, na rafiki akimgusa huamka. Ulikipekua kwa kidole kimoja. "Hiki si kitabu cha vita," ulisema. "Hii ni wadi ya wenye bima." Nikakwambia mbele ya watu kwamba umepitwa, wewe na kitabu chako mkatunzwe makumbusho. Tukapiga kura, watatu kwa mmoja. Tukahamia daka langu, ambalo halina haya, mimi nikawa msimulizi kwa Kiingereza nilichookota Dubai, nawe ukakaa mkekani na shujaa wako, Kombo Mkono-Mmoja, mlinzi mzee asiye na jino.

Mwaka ule ule figo zako zikaanza kukusumbua. Nikakuona unapungua ndani ya kanzu. Nami moyo wangu ni mkubwa kuliko akili, mji mzima wa Amu unajua. Nyuma ya ubao nikaanza uongo. Dadu ikitoa tatu, nasema kumi na saba. Kombo alianguka mnarani akaamka, akanywa sumu akacheua. Shee alianza kumwita walii.

Hadi siku nyoka alipomuuma Kombo, na nafasi imebaki moja. "Kumi na nane," nikasema. "Kombo amepona." Ukanyoosha bakora, ukauangusha ubao taratibu, kama mtu anayefunua pazia. Dadu ilisema mbili.

"Tangu lini?"

"Tangu uanze kwenda hospitali, Ami."

"Kumbe mimi maiti wa miezi minne, nakaa hapa nanywa kahawa ya walio hai."

Ukainuka, ukakusanya vikombe kimoja kimoja uende ukavioshe. Hapo ndipo nilipokuua kweli. Nilikunyang'anya sinia. "Keti, Ami, wewe mgonjwa." Nilisema hivyo mbele ya Fumo na Shee, kwa sauti wanayosemeshwa watoto. Uliniangalia machoni. "Mato yako yananizika," ulisema, ukaenda zako, na hukurudi.

Siku mbili kabla hujafa, Bi Khadija mkeo aliniletea ujumbe wako: "Mwambie vikombe vyangu havijaoshwa." Nikacheka, Ami. Nikamwambia Fumo maradhi yamekupanda kichwani, nitakwenda kesho kukuona. Kesho nilikuwa na wageni wa Manda. Kwenye maziko nililia kuliko wote, hodari wa kulia, na sikuwa nimeelewa kitu.

Baada ya arubaini Bi Khadija alinikabidhi kitabu na kofia, komwe zote ishirini ndani. Nikakaa navyo wiki nzima, hadi ujumbe wako wa vikombe ukaniingia akilini, ndipo nikawaita wenzangu.

Ijumaa iliyopita, baada ya alasiri, tulikaa kwenye daka lako. Nikaweka karatasi ya Kombo katikati ya mkeka. Nyoka yule yule. Kitabu kikuukuu kinasema sumu huchotewa mara moja: kumi na nne kwenda juu ni uzima, chini yake ni kifo.

"Muache mzee wa watu," Fumo alisema. "Kashazikwa mara moja."

"Komwe haina mjomba," nikamwambia.

Nikachota kila jicho likiona. Wino wako umefifia. Shee akainama. "Kumi na nne hiyo. Wallahi, nne."

Ami, niliitaka iwe nne. Mimi mwongo wa kimataifa, ingenigharimu nini? Nikatoka nayo juani, nikaigeuza. Kumi na tatu.

"Kombo amekufa," nikasema. Fumo akageukia ukuta. Nikakusanya vikombe, na chako tulichokuwa tumekijaza kikapoa, nikaenda navyo jikoni. Bi Khadija akainuka anipokee sinia.

"Niache, Bi," nikamwambia. "Ni zamu ya Ami."

Nimeviosha vyote vinne. Kimoja kimenivunjika, nacho ni changu, usinune. Ijumaa ijayo atasimulia Fumo, nami naingia na Sultani wa nane, na najua hatafika magharibi.

Mwana wa nduguyo,
uliyemuua mara saba, naye akakuua mara moja.