Mwaka wa Mwisho wa Kijogoo

Mbugani, Kyela
Mwezi wa Septemba

Kaka yangu Omari,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote nataka habari ya goti lako, maana mara ya mwisho uliandika kwamba unapanda ngazi za kazini kwa kushika ukuta. Ile dawa ya kuchua imekusaidia? Na wifi yangu amejifungua salama? Akiwa mtoto wa kike nasubiri kuambiwa jina, akiwa wa kiume vilevile, ila nisisikie mmempa jina la mcheza mpira wa miguu. Mimi mwili ni mzima. Homa ilinishika mwezi wa tano ikaniachia. Mtoto bado hatujajaliwa, na mama mwambie asiniulize tena kwa kupitia watu.

Moyo ndio haujatulia. Nina hasira, kaka, na hapa Kyela sina wa kumweleza hasira hii akaielewa isipokuwa mama mmoja nitakayekutajia. Isitoshe nimesikia maneno yaliyofika huko Tanga. Yule mfanyabiashara wa kanga aliyetoka huku mwezi uliopita amemwambia shangazi kwamba shemeji yako Salehe amenifukuza nyumbani. Uongo mtupu. Niliondoka mwenyewe kwa miguu yangu, na sababu yake ni Kijogoo.

Kama wifi anasoma pamoja nawe, mweleze kwamba Kijogoo ni mcheza tenisi wa Ulaya, na jina hilo tulimpa sisi wawili tulipokuwa tukisikiliza redio ya marehemu baba ndani ya kibanda chake cha ulinzi pale klabu ya tenisi. Mtangazaji alisema kuna kijana mfupi ambaye kila akipata pointi anatoa kifua na kutembea kama jogoo mdogo, nawe ukasema, "Huyo ni wetu." Tangu siku hiyo hatujawahi kuwa na mwingine. Miaka yote hii niliyoolewa huku, Kijogoo akicheza najua kwamba na wewe, upande ule wa nchi, umeinamia redio saa ileile.

Basi mwezi wa kwanza, mashindano ya Australia yalipoanza, nilimsikia mtangazaji akisema bega limemchosha, na mwaka huu ukiisha anaweka raketi chini. Kule wanacheza wakati huku ndio kwanza jua linachomoza. Nikaiweka redio jikoni karibu na mafiga, nikawa nachochea moto huku nasikiliza. Mechi yake ya pili iko katikati, Salehe akaingia, akafungua redio kwa nyuma, akatoa betri akaenda kuzitia kwenye tochi ya dukani. Hakuuliza. Hata "nazichukua" hakusema. Nilibaki na mwiko mkononi. Matokeo nikayapata jioni: Kijogoo katolewa.

Mwezi wa tatu Salehe akaleta dishi. Sasa kila mwenye duka anayejiweza anataka dishi, naye akajenga banda la mabati nyuma ya duka, akapanga mabenchi, watu wanaingia kwa kiingilio kutazama mpira na kanda za video. Nilifurahi kuliko yeye. Nikajisemea, sasa nitamwona Kijogoo kwa macho. Na kweli, yale mashindano ya Paris, ya udongo mwekundu, nilimwona. Kaka, ni mfupi kuliko tulivyodhani, na nywele za utosini zimeanza kumwisha! Nilimtazama muda wa kunywa chai tu, kisha umeme ukakatika. Mvua za huku unazisikia kwenye redio, mwaka huu zilizidi, mito ikaingia kwenye mashamba ya mpunga, na nguzo ya umeme ikalala njiani. Umeme uliporudi, Paris walishamaliza na udongo wao wakaufagia.

Yakabaki mashindano ya London, ya kwenye majani, ambayo unajua Kijogoo hajawahi kuyachukua. Nayo yakaangukia kwenye Kombe la Dunia. Banda lilijaa mpaka watu wakasimama nje wakachungulia kwenye matundu ya misumari. Nikimwomba Salehe nusu saa ya mchana ananijibu, "Zuhura, nikiweka hao wawili wanaorudishiana mpira, nani atakaa?" Hata ule muda ambao banda lilikuwa tupu alitaka dishi lipumzike. Dishi linachoka?

Kijogoo akapenya raundi baada ya raundi bila mimi kumwona. Alipofika nusu fainali nilimkalisha Salehe kitako nikamwambia yote: kibanda cha mlinzi, redio ya baba, wewe. Nikamwambia huu ni mwaka wake wa mwisho. Alinisikiliza vizuri, sitaki kumsingizia. Akasema, "Ijumaa hakuna mpira mpaka usiku. Nikitoka msikitini, banda ni lako."

Nilimwalika Mama Ambakisye. Huyu ni mama wa Kinyakyusa kutoka Mwaya, wana shamba la kokoa na mpunga, naye hutuletea ndizi dukani kila Ijumaa. Aliingia akalisalimia banda tupu, "Ugonile", akaketi mbele kabisa, kapu miguuni. Nikaanza kumfundisha.

"Kwa nini wanahesabu kumi na tano?" akauliza. "Si kapiga mara moja?"

"Ndivyo walivyozoea, mama."

"Na yule mzee aliyekaa juu ya ngazi ni wa nini?"

"Ni mwamuzi."

"Amepandishwa huko asipigwe," akasema, akaridhika.

Kaka, ile mechi! Kijogoo akapoteza seti ya kwanza, akachukua ya pili, akapoteza ya tatu, akachukua ya nne. Bega linamuuma, unaona kabisa anavyolikunja kila akimaliza kuanzisha mpira, lakini anaukimbilia wavu kama kijana. Mama Ambakisye alikuwa ameshavua viatu. Seti ya tano ikafika tano kwa tano. Nilikuwa nimeushika mkono wa yule mama mpaka baadaye alinionyesha alama ya kucha.

Hapo mlango ukafunguliwa. Salehe, na nyuma yake wanunuzi watatu wa mchele kutoka Mbeya, wamechoka na safari, wanataka kutazama kanda ya mapigano wakisubiri chakula. Salehe akapita mbele yetu, akachomoa waya wa dishi, akachomeka wa deki ya video.

Nikasimama. "Salehe, uliahidi."

"Wageni hawa, Zuhura. Ndio wanaochukua mchele wetu."

"Imebaki kidogo tu. Waambie wanywe maji."

Akacheka, akicheka kwa ajili ya wale wageni. "Ni watu wawili tu wanacheza. Mmoja atashinda, utaambiwa."

Ndilo neno lililonitoa. Utaambiwa. Kaka, mimi maisha yangu yote ninaambiwa! Nikaingia chumbani, nikatia kanga mbili kwenye mkoba, nikamkuta Mama Ambakisye nje anavaa viatu. Akasema, "Gari la Mwaya bado halijaondoka," tukaenda tukapanda pikapu juu ya magunia.

Nilikaa kwao mpaka Jumatatu, na shangazi asidhani nilidhalilika. Wale ni Wakristo, lakini walinichemshia ndizi na samaki wa ziwani katika sufuria mpya, na Mama Ambakisye aliwakataza watoto wasiniulize kwa nini nimekuja. Nyumba nzima inanuka uchachu wa kokoa iliyoanikwa. Baba Ambakisye ana redio. Betri zilikuwa zimekwisha nguvu, akazianika juani juu ya jamvi la kokoa, na Jumamosi mchana zikapata uhai tukasikia habari za michezo: Kijogoo ameshinda. Yuko fainali. Nilipiga kigelegele peke yangu uani, kuku wakatawanyika.

Jumapili waliporudi kutoka kanisani tukaketi wote kuizunguka redio. Akapoteza seti ya kwanza. Akapoteza ya pili. Akashinda ya tatu! Kisha Malawi ikaingia. Ziwa likiwa karibu hivi idhaa yao inakuja kwa nguvu, kwaya nzima inaimba Kichewa juu ya sauti ya London. Baba Ambakisye akaizungusha redio, akapanda nayo kwenye kichuguu, akaielekeza milimani, kwaya ikawa nzuri zaidi. Mpaka betri zikafa hatukupata neno lingine. Mama Ambakisye aliitazama redio akasema, "Nyimbo za Mungu nazipenda, lakini si sasa." Nilicheka, halafu nikalia.

Jumatatu asubuhi tukamwona mtu anakuja kwa baiskeli, matope mpaka magotini. Salehe. Akapewa kigoda, akasalimia wenyeji kwa adabu zote, maji akanywa. Kisha akanigeukia.

"Nimeutazama," akasema.

"Umetazama nini?"

"Mpira wako. Jana. Nilifunga banda, watu wakagonga, sikufungua."

Nikamsogelea. "Seti ya nne alichukua nani?"

"Ya nne ndiyo ipi? Walikuwa wanacheza, wanakwenda kukaa kwenye viti, wanakula ndizi, wanarudi."

"Na huko zipo ndizi?" Mama Ambakisye akauliza.

"Zipo. Nyembamba."

"Salehe!" nikapiga kelele. "Nani alishinda?"

Akaangalia chini. "Yule mrefu. Ilikuwa sawa kwa sawa, wanapishana moja moja. Mpira wa mwisho Kijogoo aliupiga ukagonga wavu, ukamrudia mwenyewe. Akasimama anautazama pale chini. Halafu akaenda akamkumbatia mwenzake, akalia, na watu wote wakasimama kumpigia makofi. Aliyeshindwa ndiye waliyempigia zaidi. Kwa nini?"

Nikalia. Mume wangu, ambaye hajui seti ni nini, ndiye shahidi pekee niliyenaye wa fainali ya mwisho ya Kijogoo. Nilimuuliza alivaa nini, alishikaje bega, alitoa kifua hata mara moja? Akasema alitoa, mara moja, katikati. Katikati ya nini? Hajui.

"Na Ijumaa?" nikamuuliza nilipotulia.

"Ijumaa nilikosa. Wale wageni wenyewe walilala kwenye mabenchi, kanda haijafika nusu."

"Unaelewa kwa nini niliondoka?"

"Sielewi vizuri," akasema. "Lakini niliketi mpaka mwisho, Zuhura, na ulipogonga wavu ule mpira, niliumia."

Nikachukua mkoba wangu. Mama Ambakisye akatufungia mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli, Salehe akamshukuru, "Ndaga fijo", kwa Kinyakyusa chake kibovu, tukatembea kurudi mjini, yeye anasukuma, mimi nyuma. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Ungedhani yameisha vizuri. Mwezi uliopita ikaja New York, mashindano ya kuagia. Safari hii Salehe mwenyewe alipanda bati jioni kugeuza dishi, Mama Ambakisye uani anampazia sauti, "Kulia! Rudi!", mimi mbele ya televisheni. Kwenye kioo tulipata chenga tupu, na sauti ya mtu akikohoa. Kijogoo akatolewa mechi ya kwanza na kijana asiye na jina, akaweka raketi chini, basi. Miaka yote hii, kaka, sikuwahi kumwona akicheza mechi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Hasira hii niipeleke wapi? Kama wewe ulibahatika kuitazama ile fainali kwa jirani yako mwenye televisheni, niandikie seti ya nne, na ya tano kama ilikuwapo, usiruke gemu hata moja, hata kama karatasi zitakuwa nyingi.

Nisalimie mama, na umbusie mkono. Msalimie shangazi, umsomee barua hii, sehemu ya Mwaya mara mbili. Wifi yangu mpenzi na mchanga wake, mdogo wetu aliye shuleni, na yule mzee aliyeshika kazi ya baba pale klabu, kama bado yuko langoni.

Shemeji yako Salehe amekaa hapa pembeni, anakusalimu sana. Anasema nikuandikie kwamba mwakani naye atakuwa na mchezaji wake, ameshamchagua. Nimemuuliza nani. Amemchagua yule mrefu, yuleyule aliyemliza Kijogoo! Anasema anapenda anavyopiga. Kaka, nimeandika kwa sababu ameniomba niandike, lakini leo atajipikia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura