Theo kang'oa mota ya usukani

Kornelia, tumeponea chupuchupu.

Leo nilikuwa nampeleka mama mkwe Old Moshi na lile gari la spoti la Theo. Kwenye kona nakata usukani, haukatiki! Mzito kama jiwe. Tumeishia kwenye migomba ya watu.

Nampigia Theo, mume wangu, ananiambia, "Aa, juzi niling'oa ile mota ya umeme inayosaidia usukani, gari liwe jepesi. Sasa usukani unakatwa kwa nguvu za mikono tu. Nilisahau kukuambia."

ALISAHAU, Kornelia!

Halafu anauliza, "Bampa imevunjika?"

Bampa! Hajauliza kama tumeumia.

Mama alikuwa anasikia yote. Akachukua simu taratibu. "Theodory, mama yako ni mzima. Nakuambia kwa sababu hujauliza."

Akakata. Sasa mama analia, na mimi nimemkumbatia hapa migombani.