Heri Uliyoipokea Lorugum

Mama,

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike, na Jumapili iliyopita baba mdogo alikuja Kakuma. Ndiyo, yuleyule. Amezeeka, anatembelea fimbo, lakini Kiswahili chake cha utingo wa malori hakijamtoka mdomoni, kama mswaki wake. Alinikuta nje ya kanisa na wale kina mama wa Sudan Kusini uliokuwa ukiwauzia kuni. Bado wanakuita Mama Amina. Wageni hudhani ulikuwa Mwislamu, nasi hucheka.

Nilikuwa na miaka tisa siku ulipolipata jina hilo kule kwetu Lorugum. Baba alikuwa ndiyo kwanza amekufa, na ukoo ulitaka mganga akupake tope la tumboni mwa mbuzi aliyechinjwa ili balaa iondoke. Ukasema umeshabatizwa, hupakwi kitu kingine. Wakachukua mbuzi wote. Baba mdogo, kwa kupenda kuringa na lugha ya mjini, akanyoosha mkono kuelekea njia ya Lodwar, akakwambia, "Kwa heri!"

Kiswahili chako chote kilikuwa cha kanisani, Mama. Heri uliyoijua ni ile ya wanaoteswa kwa ajili ya Mungu. Ukapiga magoti mavumbini ukajibu, "Amina!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilikuonea aibu. Nilitembea mbali nyuma yako, nisionekane wako.

Nilipoanza shule Lodwar, siku moja nilikukuta unasuka vikapu sokoni, nikakueleza kwa hasira kwamba yule mtu alikuwa anakufukuza. Hukuacha kusuka. "Mimi najua sasa," ukasema. "Lakini mimi nilishapokea. Sirudishi." Basi, maji yakimwagika hayazoleki. Tulilala njaa mara nyingi, na njaa ile sitaipamba. Ila sikuwahi kukuona umeinamisha kichwa.

Sasa sikia alichotaka. Anasema kwa kuwa umekufa, balaa imehamia kwangu. Nikapakwe, nitarudishiwa mbuzi wa Baba, na wanangu watakuwa na ukoo. Mama, nilitamani. Ukoo si kitu kidogo, na wanangu huniuliza kila siku watu wetu wako wapi. Lakini nikamwambia mimi ni binti wa Mama Amina, na ubatizo wangu unanitosha.

Akasimama kwa hasira, akanyoosha mkono kama siku ile. "Kwa..." Akakumbuka. Kina mama wote walikuwa wanamtazama, wako tayari kuitikia. Akaufunga mdomo. Halafu akasema kwa lugha yetu, "Ejok," yaani vyema, taratibu, kama anayesalimia mtu mzima mwenzake, akaenda zake.

Nilijivuna, Mama! Mungu anisamehe, nilijivuna kwa ajili yako mpaka machozi yakanitoka. Ile aibu ya njiani uniwie radhi.

Nakuahidi, shule zikifungwa nitawapeleka wanangu Lorugum, niwaonyeshe pale ulipopiga magoti. Tutapita mbele ya nyumba za ukoo mchana kweupe, hatujapakwa kitu, na watoto watatembea ubavuni mwangu.

Nakuaga kwa neno lilelile, nikizijua maana zake zote mbili. Kwa heri, Mama.

Wewe itikia tu.

Akiru