Kadi Yako Ilisema Umekingwa

Dada Riziki,

Amani ya Mungu ikufikie huko uliko. Mimi amani sina. Mwaka kasoro mwezi mmoja umepita tangu tukuzike, na kila anayekuja kutupa pole hapa Mwabungo bado ananiambia nisubiri. Nimesubiri. Leo nataka kukasirika, na nataka unisikie wewe kwanza, maana sehemu ya hasira hizi ni yako.

Ulichomwa na sindano ukimshona mzazi aliyetoka kujifungua, na hukuniambia. Hukumwambia Bakari mumeo, hukumwambia Mama. Nilijua siku ya pili ya matanga, kwa Bi Kadzo, yule mama wa Kinango anayefagia pale zahanati mlipokuwa mkifanya kazi. Alinikalisha jikoni akanieleza. Mzazi alikuwa na homa ya ini aina ya B, imeandikwa kwenye daftari lake la kliniki, na sindano ilipita glavu ikaingia kidole chako cha shahada. Ulimwendea msimamizi wenu damu ikitoka. Naye hata macho hakuinua. "Wewe si umechanjwa mara tatu? Kadi yako ipo kwenye faili. Rudi kazini."

Nawe ukarudi.

Wewe, dada? Wewe uliyenifokea siku niliyoanza chuo cha uuguzi kwa kuwa nilimeza jibu la mwalimu bila kumwuliza kwa nini? Wewe uliyekuwa ukiwaambia akina mama kwenye benchi la chanjo, "Ulizeni, msione haya, mtoto ni wenu"? Siku ile mwili ulikuwa wako, na hukuuliza.

Miezi mitatu baadaye macho yakageuka manjano. Mama akasema ni uchovu, akakupikia uji wa mtama. Ulipofika hospitali, ini lilikuwa limekwisha kuharibika. Siku tisa nilikufuta midomo kwa pamba, na zile mbili za mwisho ulikuwa ukiniita Mama. Sikukusahihisha.

Maneno yakaanza udongo wa kaburi haujakauka. Kwanza walimwandama Bakari, ati ugonjwa ule ni wa zinaa, kautoa kwa wanawake wa Diani. Bakari akapimwa, hakukutwa na kitu. Hakuna hata mmoja aliyerudi kumwomba radhi. Kisha wakaigeukia chanjo, na aliyetangulia mbele ni shangazi yetu Mwanakombo, pale pale matangani, sahani ya pilau mkononi: "Nesi mwenyewe kachanjwa mara tatu na kafa. Sasa chanjo ya nini?" Neno hilo lilifika Ukunda kabla ya arobaini yako. Benchi la chanjo likaanza kupwaya. Watoto uliowapa dozi ya kwanza kwa mkono wako hawakuletwa ya pili. Hili ndilo lililonichoma kuliko yote, kifo chako kufanywa ushahidi dhidi ya kazi yako.

Baada ya hitima ya arobaini nikaenda kupimwa. Nilichanjwa chuoni mara tatu kama wewe, na kadi yangu haina doa. Nikataka kujua damu yangu ina kingamwili, yaani silaha zake dhidi ya homa ya ini, kiasi gani. Haikuwa nazo.

Daktari aliyenipa majibu ni msichana wa bara, mdogo kwako, lakini alikaa akanieleza kama mtu anayejua kwamba nimefiwa. Alisema mwilini mna seli ambazo kazi yao ni kukamata kipande cha virusi, au cha chanjo, na kukionyesha kwa askari wa mwili ili wamjue adui na kumwandalia kinga. Kishikio cha kukishika kile kipande ndicho tunachorithi, kimoja kwa baba, kimoja kwa mama. Vishikio viko vya namna nyingi. Kingine hukishika vizuri kipande cha homa ya ini, kingine kipande kinateleza. Mwenye aina mbili tofauti, moja ikishindwa nyingine humfaa. Aliyerithi ile ile pande zote mbili, na hiyo ndiyo inayoshindwa, huenda akachanjwa na askari wake wasione kitu.

Akaniuliza, "Wazazi wenu ni ndugu?"

Nikamwambia Baba na Mama ni mtu na binamuye.

"Basi huenda ni hivyo," akasema. "Siwezi kukuapia, kipimo cha jeni sina hapa. Lakini si ugonjwa, na si aibu. Kishikio hicho hicho kinaweza kuwa hodari kwa maradhi mengine."

Nikampeleka kaka yetu Athumani, naye kachanjwa kama sisi, akapimwa. Kinga tele. Tumbo moja, nyumba moja, chungu kimoja, lakini kila mtoto alichukua fungu lake.

Nilikosea kumwambia Mama vile nilivyomwambia. Alikaa chini akasema, "Kumbe nimemuua mwanangu kwa damu yangu." Hapo hasira zikanipanda, dada. Mwanamke wa umri ule abebe mzigo ambao mwenye faili hataki kuugusa. Nikamwambia, damu hatuichagui, Mama. Lakini kipimo kilikuwepo. Kipimo kimoja cha damu, mwezi au miwili baada ya chanjo ya tatu, kingemwonyesha Riziki kwamba chanjo haikumshika. Na siku ile aliyochomwa ilikuwepo sindano ya kingamwili zilizo tayari, ambayo hutolewa upesi, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Waliona kadi wakatosheka.

Niliichukua nakala ya kadi yako uliyoiacha nyumbani nikaenda kwa msimamizi wenu. Nilimwamkia shikamoo, maana ndivyo tulivyolelewa. Nikamwuliza kwa nini hukupimwa. Akasema, "Ni kazi ya Mungu, binti yangu."

Nikamjibu, "Mungu ana kazi yake, na wewe ulikuwa na yako."

Akafunga faili. Hajaomba radhi mpaka leo, na mimi nimeacha kungoja.

Aliyefanya jambo ni Bi Kadzo. Kesho yake aliuweka ufagio ukutani akasema hataugusa mpaka wote wapimwe, na manesi wawili wakaketi naye. Wakapimwa. Ikaonekana yeye, ambaye miaka yote amebeba sanduku la sindano zilizotumika, hajawahi kuchanjwa hata mara moja. Hakuna aliyemkumbuka. Sasa amemaliza dozi zake tatu na amepimwa, na zimemshika.

Mimi nilikwenda kwenye benchi la chanjo, Shangazi akiwa pale amemsindikiza jirani ili amkataze. Nikawaambia wanawake, chanjo haikumuua Riziki. Mwili wake haukuipokea, na hakuna aliyejali kujua. Mmoja akauliza, "Na wetu je, tutajuaje?" Nikamwambia chanjo huwashika walio wengi, na wachache kama sisi wawili tunakingwa na nyinyi mliochanjwa, kwa sababu mkiwa salama ugonjwa haupati njia ya kutufikia. Wiki iliyofuata Shangazi alimleta mjukuu wake. Alinipita bila salamu, nami niliyekuwa zamu nikamchoma mtoto chanjo yake.

Sasa habari yangu. Nilirudia chanjo zote tatu, kwa dozi kubwa zaidi. Daktari alisema baadhi ya watu huwashika mara ya pili. Majibu yametoka Jumatatu. Haikunishika.

Mama anataka niache uuguzi, nikauze vitambaa na Athumani Ukunda. Nimemkatalia kwa adabu. Mwezi ujao naingia wodi ya wazazi, na nimekwisha kumwandikia msimamizi wa wodi kwamba sina kinga, na nimesimama mbele yake mpaka akatia sahihi.

Nakuaga, dada. Sijakusamehe kunyamaza kwako, na sijaacha kukupenda, na yote mawili nitayaleta kaburini Ijumaa pamoja na Yasini. Nakuahidi hili. Siku nikichomwa, sitarudi kazini. Nitaketi sakafuni mbele ya mlango wa mkubwa wa wodi na kupiga kelele mpaka hiyo sindano ya kingamwili iletwe. Wataniona sina adabu, na waone.

Mdogo wako,
Saumu