Kengele ya Mama

Alhamisi, Ikonge

Kumbe programu haikuwa na kosa. Shida ilikuwa betri!

Kengele nilimtengenezea Mama, abonyeze kitufe akiwa kitandani, ilie jikoni. Kila nikiijaribu ilikwaruza kidogo ikazima. Nikabadilisha nyaya, nikaandika programu upya, nikaitukana ile maikrokontrola, kikompyuta kinachoiendesha. Na betri zilikuwa za redio, zilizokwisha. Najua vizuri jua halijazi betri. Lakini Mama mwenyewe ndiye aliyenipa: "Moraa, tumia hizi, nimezianika tangu asubuhi." Ningezikataaje?

Tulimzika Ijumaa.

Leo mchana nimetia betri mpya, basi tu, nisiache kazi nusu. Nimepima volti, ziko sawa. Nikabonyeza kitufe pale kitandani kwa Mama. Ikalia kwa nguvu, nyumba nzima.

Baba alikuwa jikoni akipika chai. Nikasikia kiti kikisukumwa.

"Naja, Mama Moraa!"

Hakuja. Nami sikuweza kumwendea. Chai ikafura, ikamwagika motoni, tukaisikia sote wawili, na hakuna aliyeiepua.