Mziki Wako Wameugawana Vipande

Baba,

Leo sianzi na salamu. Nimekasirika, na sioni kwa nini nikuulize habari za huko wakati za hapa hukuziacha vizuri.

Amplifaya yako imeungua. Imeungulia Bunda, mezani kwa baba mdogo Magesa, imefungwa spika za kuazima, mbele ya majirani aliowaita waje wasikilize mziki wa marehemu kaka yake. Ilitoa moshi, wimbo haikutoa hata mmoja. Na sasa baba mdogo anasema mama aliifanyia kitu kabla haijatoka nyumbani. Ametuma mtu mpaka Mwisenge kutuambia. Jumapili yeye ataileta Butiama, na sisi tunatakiwa huko, mimi na mama, mbele ya wazee wa ukoo, mama akaeleze alichokiweka ndani ya mashine ya mume wake.

Alichokiweka! Mama, ambaye hata kuiwasha alikuwa anaogopa.

Nikueleze siku ya kuanua matanga, maana hiyo hukuiona, ingawa ulikuwa umelala hapo hapo Butiama, nyuma ya nyumba ya babu, udongo haujakauka. Wazee walikaa wakagawa. Ng'ombe sina neno, ng'ombe wana taratibu zao na kila mtu anazijua. Baiskeli sawa. Koti lako sawa. Halafu wakafika kwenye mziki, nao wakaugawa vilevile, kama wanavyogawa nyama ya mbuzi. Amplifaya kwa baba mdogo. Spika moja kwa baba mkubwa Mafuru kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Spika ya pili kwa mtoto wake, kwa sababu ameoa juzi na nyumba yake haina kitu. Kila mtu akaridhika. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza spika peke yake inaimba nini.

Kikabaki kile chuma kizito cha transfoma, pale chini, hakuna anayekitaka.

Nilisimama, baba. Nataka ujue kwamba nilisimama. Nikasema hicho chuma lazima kiende na amplifaya, mashine imetoka Ujapani, umeme wa kwao ni mdogo kuliko wetu, ukiichomeka moja kwa moja ukutani inaungua. Ni maneno yale yale aliyotuambia muuzaji wa Mukendo siku tuliyoinunua, na wewe ukawa unayarudia kila Jumapili kabla ya kuwasha kama mtu anayesoma kanuni ya imani. Baba mdogo akacheka. "Chuma hicho mwachieni mama yenu, kitamsaidiaga kuegemeza mlango." Watu wakacheka naye. Nikafungua tena mdomo. Baba mkubwa akasema bila hata kunitazama, "Mtoto wa kike hasemagi hapa. Nyangeta, kaa chini." Nikakaa.

Lakini hasira yangu siyo kwao peke yao. Wao nimewazoea. Hasira yangu nyingine ni kwako, na nimeibeba tangu siku ile sina pa kuitua.

Wewe ndiye uliyesema mziki ule ni wangu. Ulisema mara ya kwanza jioni ile tuliyoufunga, vidole vyako vimevimba kwa kushika samaki kutwa pale Mwigobero, haviingii kwenye vile vitundu vya nyuma. Ukanipa waya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, mimi napenyeza na wewe umeshika tochi unanielekeza vibaya. Redio iliyomo ndani ya amplifaya iliposhika stesheni ukakaa kitini. Kisha ukasema, "Huu ni wako, Nyangeta. Mimi nitakuwa naazima." Ukarudia ulipoanza kuumwa, ukiwa kitandani, umenishika mkono. "Nikiondoka usimwachie mtu."

Nisimwachie mtu! Na ulimwambia nani mwingine, baba? Nani alikusikia zaidi yangu mimi na mama na ukuta? Unajua kwenu neno la mwanaume halihesabiki mpaka alitamke mbele ya wazee. Unajua kuliko mimi. Ulikaa nao kikao baada ya kikao, ukawaamulia wengine mambo yao, ukarudi nyumbani unatusimulia. Ndugu zako walikuja kukuona ukiwa mgonjwa, wakakaa siku nzima, mkaongea habari za pamba na za bei ya sangara. Ungesema sentensi moja. Pumzi ya sentensi moja ulikuwa nayo. Uliogopa watakucheka kwamba umempa binti mashine. Nimekaa nikafikiri sana na sioni sababu nyingine. Mbele yangu ulikuwa mkarimu na mbele yao ukawa bubu.

Na bado nakukumbuka vizuri, ndiyo inayoniudhi zaidi. Nakumbuka miaka ile ya yanga, tunakula unga wa njano na kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, redio yetu ndogo haina betri, na wewe unaimba mwenyewe ili tusione kimya. Ulikuwa unaimba vibaya. Biashara zilipofunguliwa na vitu kuanza kujaa madukani, wenzako walinunua mabati, wewe ukanunua amplifaya iliyokwisha kutumika na Mjapani, ya bei ya chini kuliko zote dukani, kitufe cha sauti kimelegea, mpaka ukisukume kidogo ndipo spika ya kushoto iamke. Mama alinuna wiki nzima. Halafu ukaazima televisheni na deki ya video, tukaunganisha sauti ipite kwenye spika, na kwenye ile picha mvua ikaanza kunyesha. Mama alikimbia nje kuanua dagaa. Akarudi na turubai mkononi, jua linawaka, akatukuta tumelala chini kwa kicheko. Tangu siku hiyo hakununa tena juu ya mabati.

Sasa Jumapili nyumba iko kimya. Majirani waliokuwa wanakaa mpaka kwenye ngazi wanapita tu, wanatupa pole wakiwa barabarani. Kwenye meza iliyobaki tupu mama ameweka kitambaa.

Na huyo ndiye wanayetaka kumwita mchawi, baba. Neno lenyewe bado hawajalitamka, wanalizunguka tu. Wanasema "aseme alichokiweka." Na mama, kwa kuwa ameishi nawe miaka mingi akajifunza kwako, anataka kunyamaza. Jana aliniambia, "Mimi nitatoa mbuzi, yaishe. Wakishakulaga wanasahau." Nikamwambia hawatasahau. Akitoa mbuzi amekubali, na akishakubali, jina hilo litamfuata mpaka kaburini, na sisi wanawe tutalirithi. Hilo hawataligawana, tutaachiwa lote. Akaanza kulia. Nilitoka nje maana na mimi nilikuwa karibu kulia, na sikutaka, nilitaka nibaki na hasira yangu.

Kwa hiyo nimeamua. Jumapili nitaingia kwenye kile kikao na transfoma kichwani, nimeifunga kwa kanga. Fundi wa redio wa hapa Mwisenge amekubali kuja nami. Kwanza ataifungua amplifaya mbele yao wote, waangalie ndani wenyewe watafute hiyo dawa ya mama. Anasema huenda ni fyuzi tu. Huenda si fyuzi. Vyovyote itakavyokuwa, wataona mashine imeunguzwa na umeme, na aliyeichomeka ni nani wanamjua.

Kisha nitasema neno lako, lile ulilolimeza. Kwamba mziki ule uliusema ni wangu, mara mbili, ukiwa na akili zako. Baba mkubwa ataniambia nikae chini. Safari hii sitakaa. Wakisema sina shahidi, nitamwambia mama asimame aseme alichosikia, na mama ameshaniambia atasimama. Aliniitikia kwa kichwa tu, lakini namjua.

Nakuahidi hilo, baba. Amplifaya sikuahidi, pengine imekwisha kufa. Nakuahidi kwamba mama hatatoa mbuzi.

Nitapita nyuma ya nyumba ya babu kabla ya kikao nikung'olee majani. Kwa heri. Pumzika, lakini usitegemee kwamba nitanyamaza ili upumzike vizuri.

Binti yako,
Nyangeta